Kidole cha Kuazima

Juzi nilipita kwa fundi cherehani mmoja pale sokoni Mpanda kupunguza kiuno cha sketi yangu ya kazini. Alipodondoshea mashine yake mafuta, ile harufu ikanipiga puani nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Fundi akadhani nimeghairi. Kumbe mwenzake nilikuwa nimeshaondoka, niko Majengo kwenye kibaraza chetu, nina miaka tisa, miguu imejaa vumbi, na mapajani nimeshika kaunta buku, lile daftari nene la kwaya tatu, lenye madoa ya mafuta hayohayo.

Nyie mliokua na mimi mtakumbuka kwamba enzi zile hadithi hazikusomwa kwenye simu. Simu zenyewe zilikuwa za tochi, na mwenye nayo aliivaa shingoni kama kitambulisho. Siku hizi binti yangu anasoma riwaya kwenye simu, na chini yake wasomaji wanalia: mwandishi lete kipande kingine, mwandishi unatutesa. Anafikiri mambo hayo yameanza na wao. Mimi niliyaona yakiandikwa kwa kalamu ya wino, kurasa za nyuma za kaunta buku, na mwandishi aliyekuwa akiwatesa watu alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Mtaani walimwita Mama Devota, kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa Katumba, kwenye familia ya wakulima waliotoka Burundi, na Kiswahili alikikuta shuleni baada ya Kirundi cha nyumbani. R na L zilimsumbua tangu hapo. Akitaka kusema "kulala" ilitoka "kurara", na wenzake darasani walimcheka mpaka akazoea kunyamaza. Alimaliza darasa la saba akaenda kujifunza kushona. Lakini kusoma hakuacha. Hata gazeti lililofungia vitumbua alilinyoosha kwanza, akalisoma lote na mafuta yake, ndipo akala.

Mwaka huo kaka yake wa pekee, Mjomba Eliasi, alifariki. Mimi niliambiwa tu kwamba mjomba ametutoka. Ndivyo watoto tulivyokuwa tunaambiwa, na anayeuliza "ametoka kwenda wapi" alipewa kazi ya kuosha vyombo. Picha yake ilitundikwa ukutani juu ya cherehani, mjomba amevaa shati la mikono mirefu, anacheka. Matanga yalipokwisha, mama akanunua kaunta buku.

Aliandika mchana, kazini. Upande mmoja wa meza kuna gauni la mteja, upande wa pili kuna kaunta buku. Alikuwa akikaza taya kama mtu anayekata kamba kwa meno, na mguu wake ulikanyaga pedeli hata kama sindano haina uzi, mashine inakimbia bure, tkatkatkatka, na mkono nao unakimbia juu ya karatasi. Nilifikiri anaandika vipimo vya watu.

Siku moja akaniita. "Devota, hebu nisomee nisikie kama inakwenda. Urimi wako ni wa mjini."

Nikasoma. Juu kabisa paliandikwa *Abiria wa Behewa la Tatu*. Kuna dada anaitwa Sabina, kaka yake ameuawa na wanaume wanne waliotaka mashamba yake ya mpunga kule Majimoto, na Sabina ameapa kuwatafuta mmoja mmoja. Haikuwa na maneno ya kupamba. Ukurasa wa kwanza mtu anakimbia, wa pili amedandia pikipiki, wa nne yuko kwenye treni inayoondoka Mpanda kwenda Kaliua, na yule anayemtafuta amekaa behewa linalofuata, anakula karanga. Kila sura ilikatika mlango ukiwa unafunguliwa.

Mama Shukuru, jirani yetu muuza vitumbua, alikuwa amekuja kuchukua sare ya mtoto wake. Sare ilikuwa tayari, imekunjwa, ameipakata. Hakuondoka. Nilipofika mwisho wa sura akaniuliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye nimeufunga mlango, "Halafu?"

"Harafu bado," mama akajibu badala yangu. "Sijaandika."

"Basi andika! Tumekaa hapa tunafanya nini?"

Kuanzia hapo nguo za Majengo ziliharibika kwa wingi. Watu walileta vifungo vya kukaza ambavyo havijalegea. Kila nikitoka shule, kabla sijala, nilikuta benchi limejaa na wengine wamekaa kwenye ndoo, na mimi nasimama katikati na sketi yangu ya shule kama mhubiri. Baba alikuwa fundi pikipiki, kijiwe chake kiko hapohapo ubavuni mwa nyumba. Alisema hadithi ni mambo ya wanawake. Lakini nikifika penye moto, spana zake zilinyamaza.

Wasiokuwa na nafasi ya kuja barazani waliazima kaunta buku, nalo likaanza kutembea nyumba kwa nyumba. Likirudi, kurasa za nyuma zilikuwa na maneno. Sijui nani alianza. Mama Shukuru alinipa kalamu akasema, "Niandikie: Nimeunguza karai zima la vitumbua kwa sababu ya Sabina. Mwandishi ajue." Dereva mmoja wa bodaboda aliandika kwa herufi kubwa kwamba amempitiliza abiria wake kituo akiwaza yule mtu wa pili ataponea wapi, na kwamba mwandishi aongeze mwendo. Akina mama wa kwaya waliandika kwa pamoja, wakaweka na sahihi: "Tunaomba Sabina aokoke. Lakini awamalize kwanza hao wanne."

Mama aliyasoma hayo peke yake, amegeukia ukuta, na mabega yalikuwa yanamtingishika. Sikujua kama anacheka au analia. Nafikiri sasa ilikuwa yote mawili.

Lakini mimi nilikuwa na siri yangu. Niliamini Sabina ni mama.

Jamani, ushahidi ulikuwepo. Sabina alifiwa na kaka, mama alifiwa na kaka. Sabina alikuwa na kovu kwenye kiwiko, mama alikuwa na kovu la pasi ya mkaa kwenye kiwiko hichohicho. Mama alikuwa na mkasi mkubwa mweusi ambao hatukuruhusiwa kuugusa, na sasa nilijua kwa nini. Wanaume watatu walikuwa wameshakwisha kufikia sura ya saba. Nilimtazama mama akimenya viazi nikajiambia, ameua watu watatu, na bado anakumbuka kutia chumvi. Niliogopa, sitawadanganya. Ila zaidi ya kuogopa nilijisikia mkubwa. Shuleni sikumwambia mtu, lakini nilianza kutembea katikati ya njia, na wale wasichana wa darasa la sita waliozoea kuninyang'anya penseli wakaacha wenyewe. Sijui waliona nini usoni kwangu.

Mtu wa kwanza kukichukua kitabu kwa nia ya kukipima alikuwa Mwalimu Silvesta. Alikuwa amestaafu, lakini miaka yote alifundisha Kiswahili, na kalamu nyekundu ilikuwa bado inakaa mfukoni mwa shati lake. Alikaa nacho wiki nzima. Alipokirudisha alikiweka mezani, akasema, "Mama Devota, Kiswahili chako kina matatizo," akaondoka bila kukaa.

Mama alifungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa unavuja damu. Kila R iliyokaa mahali pa L ilikuwa imezungushiwa duara, pembeni kumejaa "la" na "tazama ngeli" na "sentensi ndefu mno". Ukurasa wa pili vilevile. Nilimwona mama amerudi darasani, mdogo, watoto wanacheka. Nikataka kumrushia Mwalimu Silvesta jiwe mgongoni.

Mama akaendelea kufunua. Sura ya pili, maduara yakapungua. Sura ya tatu, moja hapa, moja pale, tena yamechorwa kwa haraka, hayakufunga vizuri. Sura ya nne, pale Sabina anaporuka kutoka kwenye treni, palikuwa na duara moja lililoanzwa likaachwa nusu, kama mtu aliyeitwa ghafla. Halafu basi. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa safi, na makosa yetu yote yamo humo, hakuna aliyeyagusa.

"Devota," mama akaniita taratibu. "Angaria wino mwekundu umeishia wapi."

Nyuma kabisa, kwa maandishi madogo, mwalimu alikuwa ameandika: "Sura ya nane iko wapi?"

Mama alifunga kaunta buku, akatembea mpaka barabarani, akarudi. Hakuwa na shida yoyote barabarani. Alitaka tu kutembea akiwa yeye.

Sasa yule mtu wa nne. Mama alikuwa amemwandika hivi: mwanaume mnene mwenye mashine mbili za kukoboa mpunga, na mkono wake wa kushoto hauna kidole kidogo. Na mtaani kwetu, kila aliyekuwa na macho alijua ni nani mwenye mashine mbili na vidole tisa. Mzee Ndomba. Alikuwa mteja wa mama wa siku nyingi, mtu wa sauti nzito ambaye watoto tulimpisha njia. Benchi zima lilijua, ila hakuna aliyesema mbele ya mama. Walichekea kwenye kanga.

Jumamosi moja mama alikwenda sokoni kutafuta vifungo, akaniacha nikilinda duka. Mzee Ndomba akaja kupimwa suruali. Akakaa kwenye benchi, mkono wa kushoto juu ya goti. Nikauangalia ule mkono. Nikaangalia mkasi mezani. Mama angerudi wakati wowote. Kumbe kusikia Sabina anamkaribia mtu ni jambo moja, na mtu mwenyewe akiwa amekaa anapangusa jasho ni jambo lingine. Alikuwa ameipa shikamoo yangu jibu zuri. "Marahaba, mjukuu wangu, umekula?"

"Babu," nikasema, "usije tena hapa."

"Kwa nini?"

"Mama atakuua. Umebaki wewe tu."

Hakucheka. "Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Nikampa kaunta buku. Alilitazama jalada, akalifungua, akalifunga, akaliweka kwapani. Akaondoka nalo bila kupimwa suruali.

Mama aliporudi nilikuwa chini ya meza. Nilimweleza yote huku nalia, kwamba sikutaka amuue Mzee Ndomba kwa sababu ameniuliza kama nimekula, na kwamba wale watatu sitawasema kwa mtu hata nikichapwa. Nilitegemea kofi. Mama aliweka vifungo mezani, akashuka chini, akakaa na mimi kwenye sakafu ya saruji, na gauni lake zuri la sokoni.

"Wewe uridhani ni mimi?"

"Ndiyo."

"Yoo, mwana wanje." Aliniita mwanangu, kwa Kirundi. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniambia. Mjomba Eliasi aliugua malaria shambani, mvua ikiwa imekata barabara, na walipomfikisha hospitali ilikuwa imeshapanda kichwani. Hakuuawa na mtu. Kila mtu alijitahidi. Dereva alijitahidi, daktari alijitahidi.

"Shida ni hiyo, Devota. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningerara usingizi. Mararia haina nyumba ukaenda kupiga hodi. Ndiyo maana nikawatunga hao wanne. Nikawapa nyumba, nikawapa miguu ya kukimbia, nikawakimbiza."

"Na kidole cha Mzee Ndomba?"

"Kidore nirikiona siku nampima. Nikakiazima tu." Akafunika mdomo, na sasa nikaona anaogopa kweli. Hakuwa na nakala nyingine. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa kwapani mwa mtu aliyemfanya muuaji.

Tulikaa siku tatu. Mama Shukuru alisema mzee atalichoma moto. Mwalimu Silvesta alisema mzee atapeleka mashtaka serikali ya mtaa, na yeye mwalimu atasimama kuwa shahidi kwamba ile ni fasihi. Baba, aliyekuwa hajawahi kukiri kwamba anasikiliza, alijitolea kwenda kumwomba, akavaa shati safi, akafika getini, akarudi. Mama alishona kimyakimya. Uzi ulikuwepo kwenye sindano.

Siku ya nne, baada ya saa tisa, benchi likiwa limejaa watu waliokuja kusikiliza ukimya, Mzee Ndomba akatokea. Kaunta buku lilikuwa kwapani. Akasimama katikati, pale ninaposimama mimi.

"Mama Devota. Mimi macho yangu hayasomi vizuri. Amenisomea mke wangu. Tumesoma mara mbili."

"Mzee wangu, naomba radhi," mama akaanza kupiga goti.

"Subiri, sijamaliza. Kidole changu mmekiazima bila kuniuliza. Haya, hiyo nimesamehe. Lakini hii ya kusema mtu ana mashine mbili, anasikia hatari, anakimbia anaacha mlango wa ghala wazi!" Sauti yake ilipanda mpaka kuku wakatawanyika. "Mtu gani mwenye mpunga ataacha ghala wazi? Na mashine haizimwi kwa kuvuta mkanda, utakatika mikono! Umewahi kuingia kwenye mashine wewe?"

"Sijawahi, mzee."

"Basi kesho uje. Nitakuonyesha. Kama nakufa, nife kwenye mashine inayofanya kazi inavyotakiwa."

Halafu Mama Shukuru akapiga kigelegele, na benchi zima likaanguka kwa vicheko, na Mzee Ndomba mwenyewe akakaa, akicheka mpaka akashika kiuno.

Tulikwenda kweli, mama na mimi. Pumba zilitujaa nyusi. Mzee Ndomba alitutembeza kama wageni wa serikali, akipiga kelele juu ya ule muungurumo, na mama akiandika kila kitu, mkanda unaanzia wapi, mchele unatokea wapi, mlango gani una komeo. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao waliulizana huyu ni nani. Mzee akawajibu, "Ni mwandishi." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mama akiitwa hivyo. Alikuwa amebeba kalamu sikioni, ana vumbi la pumba mpaka kwenye kope, nami nilimshika sketi ili kila mtu ajue ni wa kwangu.

Sura ya mwisho niliisoma mwenyewe, watu wamejaa mpaka barabarani. Sabina anamkuta mtu wa nne mashineni, komeo limefungwa, hana pa kukimbilia. Anaweza kumuua. Badala yake anamwambia, "Taja jina la kaka yangu." Na yule mtu hakumbuki. Aliua mtu ambaye hakumbuki jina lake. Sabina anamweka hapo, mbele ya wateja wote na magunia yao, mpaka jina linamrudia, na analitamka, mara moja, halafu mara ya pili kwa sauti. Sabina anageuka anaondoka, na polisi wanapishana naye mlangoni wakiingia.

Balaa liliwaka. "Nilitaka afe!" Mama Shukuru alisimama. Akina mama wa kwaya waligawanyika. Yule wa bodaboda alisema amechoma mafuta yake bure. Mzee Ndomba ndiye aliyekasirika kuliko wote. "Nimefunga mashine mchana kweupe nije nione ninavyokufa, halafu naponaje?" Mwalimu Silvesta alijaribu kueleza, wakamzomea. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha cherehani, mikono mapajani. Hakuomba radhi kwa mtu.

"Ndivyo irivyoisha," alisema. R yake ilikuwa wazi kama kengele, na hakuna aliyecheka.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi ya likizo, mwanamke ambaye hatukumfahamu alisimama mbele ya kibaraza. Alikuwa ametoka Majimoto kuleta mchele mjini, kanga yake bado ina vumbi la pikipiki. Alisema huko sokoni kwao amesikia habari za dada aliyewatafuta waliomuua kaka yake. Akaelekezwa hapa.

"Nimekuja kumpa pole," akasema. "Yuko?"

Nilishajua majibu, mimi niliyewahi kukosea vilevile. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba ile ni hadithi tu. Mama akaniwekea mkono begani.

"Ni mimi," akasema. "Karibu ukae."

Yule mama alikaa. Walishikana mikono muda mrefu, wakanywa chai. Mwishoni akauliza, "Na yule wa nne?"

"Aritaja jina."

Yule mama aliinamisha kichwa, akawaza. "Inatosha," akasema. Alipoona kaunta buku akaomba naye aandike kidogo, ila hajui kuandika. Mama akanikabidhi kalamu, nami nikafungua kurasa za nyuma, kwenye nafasi iliyobaki chini ya akina mama wa kwaya, nikamwuliza niandike nini.

"Andika jina la kaka yangu."

Akanitajia. Nikaliandika kwa mwandiko wangu wa mtihani, polepole, kila herufi mahali pake, halafu nikamsomea kwa sauti.